Vidudu ku Kibao cha Maziwa

Mama Vénantie hajarudishiwa maziwa hata siku moja. Ninaanza na hiyo, sababu ukiiruka hutaelewa kitu kingine juu yake. Miaka yote yenye aliuza maziwa hapa Mushaki, pembeni ya barabara ya Sake, hakuna mununuzi alirudi kumuambia: Mama, ile ya jana ilichacha. Wengine walirudishiwa. Mimi mwenyewe nilirudisha ya jirani mumoja, na kelele yenye nilipiga siku ile watu wanaiongelea bado. Lakini maziwa ya Vénantie ungeiweka ndani ya nyumba, ukaenda kulima, ukarudi, ukaikuta vile uliiacha.

Mayele yake, ile ujanja ya kulinda maziwa, haikuwa ya kuficha. Ilikuwa moshi. Watu wa ng'ombe hawawezi kutia maziwa ndani ya chombo chenye hakikufukizwa. Wanakiosha, wanakianika ku jua, kisha wanachoma majani ya kunukia juu ya kigae chenye makaa, wanageuza chombo juu yake mupaka moshi inaingia ndani kabisa. Hapo njo chombo kinakuwa safi. Vénantie alifundishwa ile kazi na mama yake wakati angali mutoto mudogo, na hakuiacha hata siku moja. Sisi watu wa jembe tunaosha na maji, tunaona inatosha. Alikuwa ananiangalia nikiosha sufuria yangu, na ile macho yake iliniuma kuliko matusi.

Mimi ni Emérita, Mama Gisubizo. Shamba yangu na uzio yao vinagusana. Tuko majirani tangu tuolewe, na tangu tuolewe tunagombana, sababu ng'ombe za bwana yake zilikuwa zinakula maharagi yangu. Bwana yake ni muzee Rutayisire. Ukienda kumushitakia ng'ombe, alikuwa anakuangalia kama vile wewe njo ulipanda maharagi ndani ya malisho yake. Muntu muzuri sana. Lakini mbele ya ng'ombe hakuwa na masikio.

Zile ng'ombe haziko tena. Sitaeleza sana, kila muntu wa Masisi anajua ginsi ng'ombe zinaisha. Vita ilipita, tukakimbia wote, wao na sisi, tukakutana ku kambi ya Lushebere, tukagawana muhogo na chumvi kama watu wa tumbo moja. Tuliporudi, nyumba zilikuwa zimesimama. Mabati ya jikoni yangu ilikuwa imeenda. Na ndani ya zizi ya Rutayisire majani yalikuwa yameota, mazuri, marefu, na hakuna wa kuyakula. Mimi mwenye maharagi nilikaa chini nikalia juu ya yale majani.

Rutayisire yeye hakulia. Alichagua jiwe moja mbele ya zizi, akakaa. Asubuhi unamukuta pale na fimbo yake na koti yake, muchana angali pale, na jua ikizama anainuka anaingia kulala. Ukimusalimia anaitika vizuri kabisa. Kisha anarudi kuangalia majani.

Delphin, mutoto wao mukubwa, anafanya kazi Goma, ku depo ya simenti. Si mutoto mubaya. Ninasema hivyo mbele, sababu kuna fasi nitamukasirikia. Alikuja kuwaona, akamukuta baba yake ku jiwe na mama yake anauza mafungu ya sombe, majani ya muhogo, pembeni ya barabara, yeye mwenye zamani watu walikuwa wanapanga mustari mbele ya bidoni zake za maziwa. Ilimuchoma roho. Akasema: nina chumba Goma, mutakuja kukaa na mimi. Na muzee akasema sawa. Alisema sawa kama vile muntu anapewa chai. Hapo njo Vénantie aliogopa, aliniambia yeye mwenyewe. Mutu wa namna ile, mwenye alikuwa anaweza kugombana na wewe kutwa juu ya kipande kimoja cha malisho, anaacha mulima wote na neno moja.

Vénantie yeye alikataa. Aliniita nikae shahidi, akamuambia mutoto wake mbele yangu:

"Kule nitakuwa mugeni wa mutoto wangu mupaka nife. Hapa niko mwenye nyumba."

Delphin akamuuliza mutakula nini. Akajibu atafuga kuku, atauza mayai. Delphin akamuuliza kuku zitakula nini, sababu kila muntu anajua kuku yenye inakula pumba peke yake inataga wakati inapenda. Ikabaki hivi: anapewa wakati mupaka Pasaka. Pasaka ikifika na ile kazi ya kuku inasimama yenyewe, wanabaki. Ikifika na haisimami, Delphin anakuja na gari, wanapanda, na hakuna maneno tena. Vénantie akasema ndiyo. Na Vénantie akisema ndiyo, ni ndiyo, hata ikimuua.

Ni ndani ya ile miezi njo Callixte alikuja kufundisha ku parokia. Callixte ni agronome, mwalimu wa kilimo, mutu wa Walikale, wa kule kwenye pori. Alitukusanya wamama, akafungua kopo ya maziwa ya unga, akamwaga ndani ya sahani. Ilikuwa funza. Funza za manjano, kavu, zinapandana. Wamama wa ng'ombe wakajifunika pua na kitenge, hata kama hakukuwa harufu. Mimi nikasema kwa sauti kama nilikuja kufundishwa kufuga uchafu, ningebaki kwangu.

Callixte alicheka tu. Akatuambia kwao Walikale kidudu cha mungazi, ule muti wa mawese, ni mboga ya wageni, wanakikaanga na chumvi, na mugeni akikataa wanamuhurumia. Sisi hatatuomba tukule. Hizi ni vidudu vya unga, ni chakula ya kuku, na kuku yenye inavipata inataga. Akauliza nani atajaribu. Vénantie akanyoosha mukono. Nilimuvuta kitenge mupaka fundo ikafunguka, akaifunga, akanyoosha tena. Akarudi kwake na ile kopo juu ya kifua, imetobolewa matundu madogo ya pumzi.

Sasa fasi ya kuviweka. Vile vidudu havitaki maji, havitaki jua, vinataka fasi kavu, ya juu, yenye joto kidogo. Ndani ya nyumba yote ya Vénantie kulikuwa fasi moja ya namna ile, na ilikuwa kibao cha maziwa. Ni ubao mupana ku ukuta wa upande wa jikoni, fasi wanapanga vyombo vya maziwa. Kwa watu wa ng'ombe ni kama altari. Mutoto haupandi, mugeni haugusi. Vyombo vilikuwa vinasimama pale bado, tupu, na alikuwa anaendelea kuvifukiza kila juma. Akavisogeza upande mumoja, akapanga beseni zake upande mwingine.

Rutayisire aliingia, akaona, akatoka. Siku ile alikula inje, na tangu siku ile alikuwa anakulia inje, sahani juu ya magoti, mbele ya zizi. Neno alisema moja tu:

"Siwezi kuchunga kitu yenye haina pembe."

Vénantie aliendelea na kisu chake. Alikuwa anakata kiazi.

Sababu kiazi njo maji yao. Hiyo nilikuja kuijua vizuri, maana pumba ilitoka kwangu, na mwenye kutoa pumba ana haki ya kuchungulia. Unatandika pumba ndani ya beseni, kimo cha mukono uliolala. Unaweka vidudu. Juu unaweka vipande vya kiazi ao karoti, hapo wanapata ya kunyonya, maana ukimwaga maji pumba inaoza na wote wanakufa. Kipande kikianza kuota ukungu unakitoa. Unafunika na kitambaa chepesi, panya isiingie na pumzi ipite. Ku miguu ya meza Callixte alisema tuweke makopo ya maji, siafu isipande. Kibao cha Vénantie hakikuwa na miguu, akapaka majivu ukutani pote. Kila asubuhi anafunua, anapitisha vidole ndani ya pumba polepole, anatoa vyenye vimekufa, anafunika. Alikuwa anavigusa kama muntu anapanga mayai.

Kisha vikaanza kugeuka. Kidudu kinavua ngozi, kinakuwa cheupe, kinajikunja, hakikuli, hakitembei. Nilipoona nikamuambia vimekufa, tupa kwa kuku. Akanifukuza. Na ni kweli, vilikuwa vimelala tu. Vikaamka na miguu na mabawa, vimekuwa wadudu weusi wadogo kama mende. Hao njo wazazi. Wanataga ndani ya pumba mayai madogo yenye jicho halioni, na ukiwaacha pale wanayakula wenyewe, hawana huruma. Basi alikuwa anawahamisha ku beseni ingine na anaacha ile pumba itulie mupaka watoto watoke. Akawa na beseni ya wazazi, ya watoto, na ya wale wanalala. Nikamuambia umekuwa mukubwa wa kambi, bado kugawa mahema.

Ikaja mvua, na baridi ya Mushaki munaijua. Ukungu inashuka toka ku malisho ya juu, inaingia mupaka ndani ya blanketi. Vidudu vikanyamaza. Unapitisha kidole, hakuna chenye kinakimbia. Callixte alikuwa amesema baridi haiviui, inavilaza. Mutu mwenye anataka kuviweka tu vingoje anaweza kuviacha baridini. Lakini Vénantie hakutaka vingoje. Pasaka ilikuwa haingoji. Akaanza kutia maji moto ndani ya bidoni ndogo, anaifunga na blanketi, anaiweka katikati ya beseni. Nikamuuliza ni blanketi ya nani. Ilikuwa ya kitanda chake.

"Bwana wako analala na baridi," nikamuambia, "vidudu vinalala na blanketi."

Alicheka mupaka akakaa chini. Nilikuwa sijamuona anacheka vile tangu Lushebere, na roho yangu ikapoa.

Na kazi ikakamata. Nasema ile yenye niliona na macho yangu. Kuku zake zilipoanza kupata vile vidudu kila siku, manyoya ikarudi kung'aa, zikataga, na kiini cha yai kilikuwa cha manjano kweli, si ile rangi ya maji. Wamama wa gari za Sake wakaanza kuuliza kwenye barabara: mayai ya Mama Delphin iko wapi. Mimi nilikuwa ninachukua mayai kwa pumba, yeye anachukua pumba kwa mayai, na kila mumoja alifikiri anamushinda mwenzake. Delphin akapiga simu ndani ya Kwaresima, mama yake akamueleza. Akasema vizuri, nitakuja kuona. Alisema vile kwa upole, lakini nilisikia ndani ya sauti yake kwamba gari alikuwa ameisha kuitafuta.

Siku ya Jumamosi kuu, Vénantie akasafisha nyumba.

Hapo ninaomba mumuelewe. Mutoto wake anakuja kuangalia kama mama yake anaweza kubaki mwenye nyumba. Mwanamuke mwenye hakurudishiwa maziwa hata siku moja atamuonyesha mutoto nyumba chafu? Alifagia, akasiliba, akaosha. Akafika ku kibao. Beseni zilikuwa na vumbi, ngozi kuukuu, takataka ya miezi. Akatoa wadudu weusi na vidudu vikubwa kwa mukono, akaviweka pembeni ndani ya sufuria. Ile pumba ya zamani, imekuwa vumbi tupu, akaona hakuna tena kitu ndani, akaenda kuimwaga nyuma ya jikoni. Akaosha beseni, akaanika. Kisha mikono yake ikafanya yenye inajua. Akachoma majani ya kunukia juu ya kigae, akageuza beseni juu ya moshi, moja moja, vizuri, bila haraka. Akaweka pumba mupya, akarudisha vidudu, akafunika. Na sababu jioni ilikuwa ya baridi na mugeni anakuja, ile kigae yenye ingali inatoa moshi akaiweka chini ya kibao, akafunga dirisha, ili nyumba yote inukie.

Nilipita pale kumupelekea majani ya kupamba. Niliposikia ile harufu ku mulango nikasimama. Ilikuwa harufu ya zamani, ya nyumba yenye iko na maziwa. Na si mimi tu. Rutayisire aliinuka ku jiwe lake, akaja, akasimama ku mulango, akavuta pumzi. Kisha akaingia. Siku ile alikula ndani, karibu na bibi yake. Vénantie alinikonyeza nyuma ya mugongo wa muzee, amefurahi kama bibi-arusi.

Callixte alituonya juu ya maji. Alituonya juu ya panya na juu ya siafu. Juu ya moshi hakusema kitu, sababu kwao ku pori hakuna muntu anafukiza beseni. Na sisi wenyewe, watu wazima, tunajua wote ile moshi inafukuza viroboto na inaua mende. Hakuna hata mumoja alijiuliza.

Asubuhi ya Pasaka nilienda kumuchukua twende misa. Nilimukuta mbele ya kibao, amevaa kitenge cha sikukuu, amefunua beseni. Wadudu weusi walikuwa wamelala mugongo chini, miguu juu. Vidudu vilikuwa vimenyooka, vimelegea, rangi imeanza kuwa ya udongo. Alikuwa ameweka kidudu kimoja ndani ya mukono, anakipulizia pumzi ya moto, anangoja, anapulizia tena. Nikamuambia acha. Hakuacha. Nikakitoa mukononi mwake kwa nguvu.

Nilikasirika. Nilikasirikia moshi, nilikasirikia Callixte, nilimukasirikia yeye na usafi yake yenye haina mwisho. Kisha nikaanza kutafuta njia. Nikamuambia funika beseni, muonyeshe kuku, muonyeshe mayai, muambie vidudu vimelala sababu ya baridi. Delphin ni mutu wa simenti, atajua nini. Akirudi Goma tutaenda kwa Callixte tuombe kopo ingine. Vénantie alinisikiliza mupaka nikamaliza.

"Nilimuambia ndiyo mbele yako," akasema. "Siwezi kumuonyesha maiti niseme inalala."

Hatukuenda misa. Tulikaa pale, yeye na mimi, na kengele ikalia, na hakuna mwenye aliinuka.

Delphin alifika na pickup ya kukodi, amebeba mukate na sukari na shati mupya ya baba yake. Mama yake alimungoja ku mulango. Hakumuacha akae. Alimuambia yote hapo hapo, kwa sauti ya kawaida: vidudu vilikuwa vingi, kuku zilikuwa zinataga, jana niliviua mimi mwenyewe na moshi, bila chakula ile kazi haisimami. Delphin hakufurahi, hiyo ninamupa haki yake. Alisimama, akashika kichwa, akasema pole Mama, mara mbili tatu. Kisha akaangalia mbingu. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Sake, na akasema kama tutashuka, sherti tushuke mbele njia haijaharibika. Akaingia, akatoka na godoro.

Hapa njo nilimukasirikia. Nikamuambia hata kahawa hujakunywa, unabeba kitanda cha mama yako kama mwizi wa muchana. Macho yake ilikuwa mekundu. Vénantie alikuwa ndani anafunga vyombo vya maziwa ndani ya vitenge, kimoja kimoja, fundo mara mbili. Hiyo iliniumiza kuliko kama angelia. Nikatoka inje nisimuone.

Inje, Rutayisire alikuwa ku jiwe lake. Amevaa koti ya Pasaka na kofia. Nilifikiri anaangalia majani, kama kila siku. Lakini alikuwa amegeuza shingo. Alikuwa anaangalia kuku.

Kuku zote zilikuwa nyuma ya jikoni, juu ya ile vumbi yenye bibi yake alimwaga jana. Mimi nilikuwa nimeziona na sikuona kitu. Kuku inaparua, ni kazi yake. Yeye amechunga wanyama maisha yake yote. Alikuwa anaona ginsi zinadonoa: mbio mbio, kichwa hakiinuki, moja inamufukuza mwenzake. Hakuna mnyama anakula vile fasi yenye haina kitu.

Akainuka. Alienda na fimbo yake akazifukuza kuku, zikaruka kila upande. Kisha yule muzee akapiga magoti ndani ya udongo na koti yake ya Pasaka, akavua kofia, akaanza kukusanya ile vumbi na viganja viwili, anaitia ndani ya kofia. Nikamukimbilia, nikafikiri akili yake imeenda. Hakuniangalia. Alikusanya mupaka akafikia udongo, akainuka kwa fimbo, akaenda polepole mupaka ku pickup, akaweka kofia juu ya capot, kifuniko cha moteri. Moteri ilikuwa na moto bado.

Tukasimama. Delphin alisimama na godoro ku kichwa. Kwanza hakukuwa kitu. Ilikuwa vumbi ndani ya kofia ya muzee. Kisha joto ikapanda, na vumbi ikaanza kutembea. Nyembamba kama nyuzi za kitambaa, fupi, nyeupe, nyingi, nyingi kabisa, zinajikunja, zinapanda, zinazama. Watoto. Mayai yalikuwa ndani ya ile takataka, na moshi haikuyafikia sababu yalikuwa yameisha kutupwa inje.

Niliita Vénantie. Nafikiri nilipiga kelele. Alitoka na chombo mukononi, akaangalia ndani ya kofia, na ile machozi yenye haikutoka asubuhi yote ikatoka.

Rutayisire akamugeukia mutoto wake.

"Rudisha godoro ndani."

Delphin akasema kwa heshima kwamba vile ni vitu vidogo sana, kwamba hata kama viko wazima itapita miezi mbele kuku zipate ya kula, na kwamba Pasaka imefika, walikubaliana. Alikuwa na haki. Yote yenye alisema ilikuwa kweli.

"Nilikufundisha nini," muzee akamuuliza, "juu ya ng'ombe yenye inazaa?"

Delphin amesoma, ana kazi, lakini mbele ya kuanza masomo alichunga ng'ombe. Jibu ilitoka yenyewe.

"Haihamishwi."

"Haihamishwi," baba yake akasema. "Hata mvua ikuje, hata watu wote wahame. Unabaki nayo mupaka imalize."

"Papa, hizi ni funza."

"Nimeona."

"Hazina pembe," nikasema mimi. Sikuweza kujizuia.

Muzee akaniangalia, ile angalia ya zamani, ya wakati wa maharagi. Nilikuwa nimeikosa kwa miaka, na niliipokea kama zawadi.

"Ni mifugo ya bibi yangu," akasema. "Iko inazaa. Hatutaihamisha."

Delphin alishusha godoro toka kichwani, akaliegemeza ku gari. Alichoka, unaona. Alikuwa ametoka Goma mbele jua haijatoka. Akamugeukia mama yake, akamuuliza polepole zitamaliza kuzaa wakati gani, ili ajue siku ya kurudisha gari.

Vénantie alikuwa anacheka na machozi ingali inashuka. Alijua. Mimi pia nilijua. Na nilipomuangalia Rutayisire, mwenye alikuwa anasema kwa miezi mingi hawezi kuchunga kitu kama kile, nikaona na yeye alijua, alikuwa anaangalia beseni siku zote toka ku mulango.

"Hazimalizi, mutoto wangu," Vénantie akasema.

Delphin akaangalia mama yake, akaangalia baba yake mwenye alikuwa amesimama kichwa wazi ndani ya upepo, kofia yake imejaa. Kisha akainama, akachukua godoro, akalirudisha ndani.